Bawaba ya Mjomba Ame

Tahiya alikuja kukaa kwa kina Ghaliya mwaka alioanza masomo ya sekondari. Kwao ni Tumbatu, na zama hizo msichana wa Tumbatu akifaulu ilimbidi avuke maji atafute pa kukaa mjini. Baba yake alikuwa akimletea samaki Bi Asila, mama yake Ghaliya, tangu zamani. Siku alipoieleza shida yake mlangoni, Bi Asila hakumwacha amalize. Alimwambia amlete mtoto. Nyumba yao ya mtaa wa Malindi, mjini Unguja, ilikuwa kubwa kuliko watu waliobaki ndani yake. Ndugu wengi walikuwa wameshahamia Maskati na Dubai, na vyumba vya juu vilikaliwa na njiwa na masanduku.

Hivyo Ghaliya, mtoto wa pekee, akapata mwenziwe. Walilala chumba kimoja na kuvaa viatu vya kupokezana. Ghaliya alimzoesha Tahiya matamshi ya mjini asije akachekwa darasani, na Tahiya akamfundisha kuogelea. Katika hesabu na kemia Ghaliya ndiye aliyekuwa mbele, Tahiya akimfuata nyuma yake hatua chache, na kwa hali hiyo walipendana sana.

Wote wawili waliingia chuo kikuu Dar es Salaam, wakasomea mambo ya vyuma. Mwaka wa mwisho ikaja nafasi moja ya kwenda kusoma Uingereza, na jina lililotoka lilikuwa la Ghaliya. Wakati huohuo baba yake, Mzee Himid, alikuwa amepooza upande mmoja, na watu wa kijana mmoja, Shamsi, walikuwa wameshaleta posa na kupokelewa. Hakuna aliyemkataza Ghaliya kwenda. Alikaa akafikiri, akaona haiwezekani, akaenda mwenyewe kwa mwalimu kusema kwamba ameshindwa, na kwa kinywa chake akaongeza kuwa anayefuata ni Tahiya. Tahiya alilia alipoambiwa. Ghaliya alimtafutia sweta na kumsindikiza uwanja wa ndege, na aliporudi nyumbani aliona kuwa amefanya jambo la kiungwana.

Yaliyofuata hayakumlipa uungwana wake. Mzee Himid alifariki. Ndoa ya Shamsi ilikwisha bila ya ugomvi mkubwa. Yule bwana alitaka mke wa kumngoja nyumbani, na Ghaliya hakuwa hivyo. Akarudi Malindi kwa mama yake, akapata kazi katika maabara ndogo ya mambo ya bahari, kazi ya kupima chumvi na joto la maji na kuosha vyombo. Simu za Tahiya kutoka Uingereza alizipokea kwa furaha miaka ya mwanzo. Baadaye akawa anampa mama yake simu upesi, akisema kuwa ana kitu jikoni.

Tahiya alirudi mwanzoni mwa mwaka 2004. Hakurudi moja kwa moja. Alikuja kwa ajili ya utafiti wake wa shahada ya juu. Alikuwa amenawiri na amejiamini, akisema taratibu, kama mtu aliyezoea kusikilizwa. Bi Asila alipika biriani ya sikukuu na hali hapakuwa na sikukuu.

Baada ya kula, Bi Asila akamuuliza huko kwa Waingereza anasoma nini hasa. Tahiya akaomba sinia na unga wa ngano. Akaueneza unga ukawa utando mwembamba, kisha akachora duara kwa kidole. Alieleza kuwa huko wana mashine inayoeneza unga wa chuma namna hiyo, halafu mwanga mkali wa leza unapita pale palipochorwa, unga unayeyuka na kuganda. Unamwagwa unga mwingine juu yake, mwanga unapita tena, tabaka juu ya tabaka, mpaka kitu kizima kinainuka kutoka kwenye unga bila ya kumiminwa kwenye kalibu wala kupigwa nyundo. Bi Asila alishika kifua kwa mshangao. Akamwita jirani yake kutoka ng'ambo ya uchochoro aje aone, na Tahiya akarudia mchezo wote tangu mwanzo.

Ghaliya alikaa kwenye kizingiti cha jiko. Alikuwa amefahamu mashine inavyofanya kazi kabla ya Tahiya kumaliza sentensi ya pili, tena alikuwa na maswali mawili ya maana kuhusu mapengo yanayoweza kubaki baina ya tabaka na tabaka. Hapana aliyemgeukia kumuuliza. Wageni walipoondoka, yeye ndiye aliyeosha sinia.

Alichotaka Tahiya kujua kilikuwa hiki: chuma kisichoshika kutu, kikitengenezwa kwa unga na mwanga, kitastahimili maji ya chumvi yenye joto kama ya Unguja? Alikuja na vibao vidogo vya chuma hicho. Nusu vilitoka kwenye ile mashine, na nusu vilikatwa kwenye bamba la kawaida linalouzwa madukani, ili vilinganishwe. Vyote alivitoboa na kuvifunga kwenye fremu ya plastiki, akavitundika majini chini ya gati fupi la Mtoni, mbele kidogo ya magofu ya kasri. Mwenyewe ilimpasa kurudi Uingereza kwa miezi kadhaa. Aliomba kwa mkuu wa maabara kwamba Ghaliya ndiye awe mwangalizi wa vibao, na mkuu akakubali.

"Simwamini mtu mwengine," Tahiya alimwambia wakiwa wamekaa gatini, miguu ikining'inia. "Wewe ukiona kitu, umeona."

Ghaliya alitabasamu. Moyoni alikuwa akisema kwamba amefanywa mlinzi wa mali ambayo ingekuwa yake.

Kulikuwa na kitu kingine katika mkoba wa Tahiya. Mjomba wake, Ame, alikuwa na boti ya mashine iliyokuwa ikivusha watu baina ya Tumbatu na Mkokotoni, na kila mara bawaba ya chini ya usukani wake, ile inayokaa majini, ilikuwa ikilika. Tahiya alimtengenezea mpya kwa mashine ile, kwa kipimo cha ile ya zamani. Ilikuwa nzuri, ya kijivu, haina mshono hata mmoja. Mwalimu wake kule alimwambia asiifunge mpaka vibao vimalize mwaka. Lakini alipofika Tumbatu na kuona ya zamani imebaki ncha, na mjomba anaigeuzageuza ile mpya mkononi na kuwaonyesha watu kwamba imeundwa na mtoto wa dada yake, hakuweza kumwambia aiweke kabatini. Ikafungwa siku ileile.

Alimweleza Ghaliya yote hayo bila ya kuficha. "Mimi najua nimefanya haraka," alisema. "Lakini chuma ni kilekile cha vibao. Vikianza kuharibika tu, niambie. Nitampigia mjomba aivue papo hapo."

Ghaliya akasema haina neno.

Tahiya aliondoka. Kila baada ya muda Ghaliya alikwenda Mtoni maji yakitoka, akaivuta fremu juu, akavisafisha vibao kwa brashi laini, akavitazama kwa kioo cha kukuzia. Alikuwa mwangalizi mzuri. Hata hivyo, tangu siku ya kwanza hakuwa akiangalia kama mwangalizi, alikuwa akiviombea. Vibao vilipotoka majini vinang'aa, alirudi mjini na uzito kifuani. Alijua anaomba nini na aliona haya, lakini haya hiyo haikumzuia kuomba tena mara iliyofuata.

Nyumbani mambo yalizidi. Tahiya alimpelekea Bi Asila shali ya sufi, na Bi Asila aliivaa katika joto la Machi ili wanaopita wamuulize. Jirani akimsifu mtoto, Bi Asila alisema, "Huyu nimemlea mimi." Hakusema ubaya wowote juu ya Ghaliya. Hakusema kitu juu yake kabisa.

Ilikuwa Aprili, mvua za masika zimeshika, siku chache kabla ya Maulidi, Ghaliya alipoivuta fremu na kuona doa. Lilikuwa dogo, rangi ya chai, kwenye ukingo wa kibao kimoja cha mashine, pembeni ya chaza aliyejishikiza. Alimbandua yule chaza. Chini yake palikuwa na kitundu kama kilichotobolewa na sindano. Akachukua sindano aliyokuwa nayo kwenye mkoba akaiingiza, akitaraji igote mara moja. Sindano ikazama. Ndani ya kile kitundu palikuwa na uwazi mkubwa kuliko mlango wake, maji ya chumvi yameshajichimbia chumba. Akaangalia vibao vyengine vya mashine, akapata madoa kwenye zaidi ya nusu yake. Vile vya kawaida vilikuwa safi.

Alielewa mara moja. Mwanga haukuuyeyusha unga wote sawasawa. Mapengo yalibaki baina ya tabaka, na bahari ilikuwa imeyapata. Lilikuwa ni lilelile swali aliloliweka moyoni siku ya sinia la unga. Akakaa juu ya gati, kanga imelowa mvua, akacheka peke yake. Ilikuwa muda mrefu hajapata furaha kama ile.

Jioni ile Tahiya alipiga simu. Aliuliza hali ya mama, akauliza mvua, kisha akauliza vibao.

"Havina neno," Ghaliya alisema. "Vinang'aa."

Tahiya alishukuru, akafurahi mpaka sauti yake ikasikika ukumbini, na Bi Asila akauliza kwa mbali kuna habari gani nzuri. Ghaliya alipokata simu alijiambia kuwa anataka siku chache tu. Tahiya amtangazie mwalimu wake kuwa vibao ni vizima, halafu yeye Ghaliya amwambie ukweli, mwenziwe aone haya mbele ya wakubwa wake japo mara moja. Bawaba ya Ame aliikumbuka. Aliitazama fikra hiyo, akaiweka kando. Bawaba ni nene kuliko kibao, alijiambia, itachukua muda.

Siku chache zikawa wiki. Kila simu ilipokuja, kusema kweli kulikuwa kugumu zaidi, kwani angeulizwa mbona hakusema mwanzo.

Mwezi wa Juni Tahiya alirejea kwa harusi ya mdogo wake, akapitiliza kwao bila ya kupita Mtoni, na Bi Asila na Ghaliya walialikwa Tumbatu. Hapakuwa na udhuru. Walipofika Mkokotoni, boti iliyokuwa ikivusha wageni ni ya mjomba Ame, mtu mrefu, mwembamba, mcheshi, aliyemshika Bi Asila mkono na kumpandisha kama anampandisha malkia. Ghaliya alikwenda nyuma ya boti akainama kana kwamba anafunga kiatu. Maji yalikuwa kidogo, na bawaba ya chini ilionekana nusu. Palikuwa na michirizi ya rangi ya chai inayoteremka kutoka kwenye pembe yake.

Angeweza kusema pale pale. Ame alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, na upepo mchana ule ulikuwa mwepesi. Lakini Tahiya alikuwa amesimama ufukweni katikati ya wanawake wa kwao, kila mmoja akimvuta kwake, na mzee mmoja akimwonyesha kwa wageni kwamba huyu ndiye aliyeunda chuma cha boti. Ghaliya akapanda, akakaa karibu na mama yake.

Harusi ilikuwa ya furaha na yeye hakuionja. Siku ya pili walirudi wakiwa wengi, wanawake na watoto na vyombo vilivyoazimwa, na upepo wa kusi ulikuwa umeamka. Mlango wa bahari wa Tumbatu ulikuwa na mawimbi mafupi ya kukatana. Tahiya alikuwa mbele na Bi Asila. Ghaliya alikaa nyuma, karibu na Ame aliyeshika mkono wa usukani. Walipofika karibu na mwamba, wimbi likaipiga boti ubavuni na Ame akavuta usukani kwa nguvu. Ukasikika mkwaruzo mmoja mkavu. Bawaba ya chini ilikuwa imekatika. Usukani ukabaki unaning'inia kwa ile ya juu, ukageuzwa na maji, na mkono wake wa mti ukarudi kwa kishindo na kuubana mkono wa Ame kwenye ubao wa ubavu.

Ame hakupiga kelele. Alisema jina la nduguye, "Mkubwa," basi, na Mkubwa, aliyekuwa kwenye mashine, akaizima. Boti ikajigeuza, ikasukumwa mpaka tumbo lake likakaa juu ya mwamba. Watoto walilia. Wanaume waliruka majini, kimo cha kifua, wakawashusha watu mmoja mmoja mpaka boti nyingine zilipofika. Hapana aliyezama. Ghaliya alikuwa amekishika kichwa cha Ame mapajani mwake njia nzima hadi Mkokotoni, na aliuona mkono ule kabla haujafungwa kitambaa. Hospitali walifanya waliloweza. Mfupa uliunga, lakini vidole vilibaki vimekunjika, havishiki.

Siku iliyofuata ajali, Tahiya alikwenda Mtoni peke yake, akavuta fremu. Alirudi Malindi na kibao mkononi, uso hauna damu.

"Ulipoviona mara ya mwisho vilikuwa hivi?" aliuliza.

"Vilikuwa vizuri," Ghaliya alisema. "Labda vitundu vilikuwa chini ya chaza, sikuviona."

Tahiya akaamini. Akamwekea mkono begani, akasema kuwa chini ya chaza hapana ambaye angeona, na kwamba kosa ni lake yeye, aliyeambiwa angoje akakataa kungoja. Akaingia chumbani kwao cha zamani akajifungia.

Hapo ndipo Ghaliya alipopata alichokuwa akikiomba. Tahiya hakusema tena habari za mashine. Hakusema taratibu kwa kujiamini. Alisema kidogo, na maneno mengine aliyaacha njiani. Kila wiki alivuka Tumbatu na vikapu vya vyakula na dawa, akakaa mbele ya mjomba wake akalia, akarudi. Alimwarifu mwalimu wake mwenyewe kwamba aliifunga bawaba kinyume cha alivyoagizwa, na hakujua kama ataruhusiwa kuendelea.

Lakini wivu wa Ghaliya haukushiba. Ulikuta chakula kipya. Bi Asila sasa alikuwa akimpikia Tahiya uji kwa mkono wake, akimwita masikini mwanangu, akikaa kitandani pake akimsomea dua mpaka alale. Majirani walikuja kumliwaza. Ghaliya alisimama nje ya mlango ule akiwa na kikombe mkononi, akagundua kwamba anamwonea wivu hata huzuni yake. Tahiya alikuwa akihurumiwa kwa kosa ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa ya Ghaliya. Wazo hilo lilimtisha kuliko mkono wa Ame. Alijiona ni mtu ambaye hata akipewa nini hatatosheka.

Bi Asila ndiye aliyemtuma Tumbatu, bila ya kujua. Tahiya alikuwa na homa, na Bi Asila akataka Ame apelekewe halua na mafuta ya kukandia. Ghaliya alimkuta Ame amekaa kibarazani, mkono umelala pajani, mkewe Borafya akichambua mchele pembeni.

"Shikamoo, mjomba," alisema, kwani tangu utotoni naye alikuwa akimwita hivyo.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mwenzio yuko wapi leo?"

Alijibu kuwa ni mgonjwa. Kisha, kabla hajaketi, akasema. Alisema kwamba vibao alivyokabidhiwa viliharibika tangu Aprili, kwamba aliviona, kwamba Tahiya alimuuliza na yeye akamjibu ni vizima, na kwamba siku ya kwenda harusini aliiona bawaba yenyewe ina kutu na akanyamaza. Borafya aliacha kuchambua mchele.

Ame alimtazama. "Kwa nini?" aliuliza.

"Nilimhusudu."

Ame akayapeleka macho pwani, ambako boti yake ilikuwa imelazwa ubavu, Mkubwa akiiziba. Alisema kwamba yeye kwa miaka yote alimwona Ghaliya na Tahiya ni mtu mmoja. Halafu akasema, "Mimi mkono wangu ndio huu, kujua hakutaukunjua. Lakini kila wiki yule mtoto anakuja hapa kunililia, na mimi sina la kumwambia. Amebeba kitu ambacho nusu si chake. Nenda ukakichukue."

"Ntakwenda, mjomba."

"Nenda leo. Na hiyo halua iache hapo. Mama yako hana kosa."

Borafya hakumsindikiza, wala hakumwitikia alipoaga.

Hakumkuta Tahiya Malindi. Homa ilikuwa imepungua, akaenda Mtoni kuitoa fremu, maana mwalimu wake alitaka vibao vyote virudishwe vikatwe na kuchunguzwa. Ghaliya alimkuta gatini amepiga magoti, anakifungia kila kibao kitambaa. Alisimama nyuma yake akamwambia vilevile alivyomwambia Ame, bila ya kupunguza.

Tahiya hakugeuka. Alimaliza kufunga kibao alichokuwa nacho.

"Uliona lini hasa?"

"Kabla ya Maulidi."

"Na nilipokupigia jioni ile?"

"Nilikuwa nshaona. Nimetoka hapa."

Tahiya akaweka kibao ndani ya sanduku. Ghaliya alingoja atukanwe, na alitamani atukanwe.

"Nafasi ile ilikuwa yangu," alisema Ghaliya.

"Ulinipa."

"Nilikupa. Halafu nikabaki nnakutazama ukiitumia."

Sasa Tahiya akageuka. Macho yake yalikuwa makavu. "Unajua nilikuwa nikijiuliza kule," alisema, "Ghaliya siku moja akiniambia nimrudishie, ntamrudishia? Na kila mara nilijijibu hapana. Sikuoni wewe tu mbaya. Lakini ungenambia. Ungenitukana, ungenifukuza kwenu. Mjomba angekuwa na mkono."

Akalifunga sanduku, akalinyanyua peke yake ingawa lilikuwa zito na yeye ametoka kuumwa. Ghaliya alinyoosha mkono kumsaidia, na Tahiya akasema tu, "Acha." Akapanda njia ya barabarani. Usiku huo hakulala Malindi; alikwenda kwa jamaa zake Mbweni, na baada ya siku chache akaondoka nchini.

Ghaliya alimweleza mama yake siku ileile, na kesho yake akamweleza mkuu wa maabara. Mkuu alimwondoa kwenye kazi zote za uchunguzi, akampeleka stoo. Bi Asila alikaa wiki nzima bila ya kusema naye ila salamu. Baadaye aliingia chumbani kwake, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamuuliza kama ni kweli kwamba yeye, mama mtu, alimsahau. Ghaliya akasema ni kweli, lakini si sababu. Bi Asila akasema hajui kama si sababu. Wakakaa hivyo, wamegusana mabega.

Boti ya Ame ilirudi majini na bawaba ya chuma cha kawaida kutoka maduka ya Darajani. Mkubwa ndiye nahodha sasa, na Ame hukaa mbele akamwelekeza, wakabishana njia nzima. Ghaliya amevuka nayo mara nyingi. Miaka miwili ya mwanzo Borafya hakumkaribisha ndani. Mwaka wa tatu alimtolea mkeka, akauweka nje, chini ya ukingo wa paa.

Tahiya aliruhusiwa kuendelea. Ilibainika kuwa vibao vile, kwa kuharibika kwake, vilikuwa na faida. Vilivyokatwa vilionyesha waziwazi jinsi kutu inavyoanza ndani ya mapengo ya tabaka na kujichimbia chini huku juu pakiwa pazima, na juu ya jambo hilo ndipo alipojenga kazi yake yote. Alipata shahada yake ya udaktari. Anakuja Unguja kila baada ya Idi mbili tatu, anamwamkia Bi Asila, anakula, anacheka kidogo. Ghaliya akimwekea sahani anasema ahsante. Akiondoka anasema kwaheri, kwa jina lake, wala hakai gatini naye tena.

Habari ya udaktari ililetwa Malindi na yule jirani wa ng'ambo ya uchochoro, mbio, mtandio umemwanguka begani. Alisimama katikati ya ukumbi akamtazama Ghaliya kwa hamu, akamuuliza anajionaje, mwenziwe leo ni daktari.

Ghaliya aliisikia ikija, ileile, kutoka chini ya mbavu, kama ilivyokuja siku ya sinia na siku ya shali.

"Namwonea wivu," alisema.

Jirani akacheka sana, akadhani ni mzaha, akaenda jikoni kumtafuta Bi Asila. Ghaliya alibaki amesimama pale ukumbini mpaka ikampungua kidogo. Kisha akachukua simu akampigia Tahiya kumpa pongezi, na simu ikalia muda mrefu kabla ya kupokelewa.